Simba Anapotoka Pangoni: Usiku Katika Wimbo wa Aten na Zaburi ya 104

Swali la ulinganishi huwatatiza watahiniwa wengi. Mtahiniwa hupewa tungo mbili, akaulizwa aonyeshe zinavyofanana na zinavyotofautiana, naye hukimbilia kuorodhesha: hii ina tashbihi, na ile pia ina tashbihi, hii imetaja ndege, na ile imetaja ndege. Orodha hujaza ukurasa mzima ilhali uhakiki wenyewe haujaanza. Makala hii inanuia kuonyesha, kwa kurejelea tungo mbili kongwe zinazomsifu Muumba, kwamba kazi ya mhakiki huanza pale orodha inapokwisha. Tungo zenyewe ni Wimbo Mkuu wa Aten kutoka Misri ya kale na Zaburi ya 104 kutoka ushairi mtakatifu wa Waebrania.

Hoja yangu ni hii. Tungo hizi zinafanana kiasi cha kumshangaza yeyote anayezisoma kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, taswira zile zile zimewekwa mahali tofauti, na mahali hapo ndipo penye maana. Mfano ulio bayana zaidi ni usiku, na simba anayetoka pangoni usiku unapoingia.

Kwanza, tuuelewe muktadha wa utungo wa Misri, kwa kuwa huu ndio mgeni kwa wengi wetu. Katika karne ya 14 KK, farao Amenhotep wa Nne alibadili jina akajiita Akhenaten, akaujenga mji mkuu mpya palipokuwa patupu, kando ya mto Nile, yapata kilomita 300 kusini ya ilipo Cairo leo. Mahali hapo sasa panajulikana kama Amarna. Farao huyo aliiweka kando miungu mingi ya wahenga wake na kuelekeza ibada kwa Aten, yaani duara la jua lenyewe kama linavyoonekana angani. Aten hakuchorwa kwa umbo la mtu wala mnyama. Wachoraji walichora duara, na miale inayoshuka ikiishia kwa viganja vidogo vya mikono. Wimbo Mkuu ulichongwa ukutani katika kaburi la Ay, mmoja wa maafisa wakuu wa farao huyo, kwa safu 13 za maandishi ya Kimisri. Mfaransa Urbain Bouriant aliunakili katika miaka ya 1883 na 1884. Ilikuwa bahati, kwani mnamo 1890 sehemu ya maandishi hayo iliharibiwa katika ugomvi wa wenyeji, na kwa sehemu hiyo wasomi wa leo wanategemea nakala yake.

Mtaalamu wa Kimarekani James Henry Breasted ndiye aliyeutangaza mfanano wa utungo huu na Zaburi ya 104. Katika kitabu chake cha historia ya Misri cha 1905 aliziweka tungo hizi bega kwa bega, safu kwa safu, ili msomaji ajionee mwenyewe. Tangu hapo mjadala haujatulia, na ukiuingiza darasani utawaona wanafunzi wakigawanyika. Wapo wanaonyamaza ghafla, kwa sababu kwao Zaburi ni maandiko matakatifu, na kuyalinganisha na wimbo wa waabudu jua ni kama kuyavua heshima. Wapo nao wanaofurahi mno: kumbe Zaburi ilitoka Afrika! Kumbe Waebrania walinakili! Mwalimu akiegemea upande mmoja, somo limekwisha. Wa kwanza watatoka wakiamini kwamba fasihi ni adui wa imani, na wa pili watatoka wakiamini kwamba mfanano wowote ni wizi. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kusoma taswira bila kusoma mahali pake. Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu wasiliogope somo hili. Lina manufaa makubwa kuliko maswali mengi ya ulinganishi tunayoyatunga kila muhula.

Mifanano yenyewe tuipitie kwa haraka. Tungo zote mbili zinamwelekea Muumba moja kwa moja na kumwita kwa nafsi ya pili. Zote zinaonyesha giza likiingia na wanyama wakali wakitoka, kisha jua likichomoza na binadamu akienda kazini. Zote zinataja mifugo na malisho, ndege na miti, merikebu zinazosafiri majini, na viumbe wanaoishi humo. Zote zinasitisha masimulizi ili nafsineni astaajabie wingi wa kazi za Muumba. Zote zinasema kwamba uhai wa viumbe unategemea tendo moja la Muumba, na tendo hilo likikoma, viumbe hufa. Mfanano ni mkubwa zaidi katika nusu ya pili ya Zaburi, takriban kuanzia aya ya 20 hadi ya 30. Mtahiniwa anayekomea hapa amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Sasa turudi kwenye usiku. Katika Wimbo wa Aten, jua linapozama upande wa magharibi, dunia huwa kama maiti. Watu wamelala vyumbani wakiwa wamejifunika vichwa, hawaonani. Wezi wanaweza kuwaibia mali iliyo chini ya vichwa vyao nao wasijue. Hapo ndipo simba anapotoka pangoni na nyoka anapouma. Tazama mpangilio wa taswira hizi: maiti, mwizi, simba, nyoka. Zote ni hatari, na zote zina sababu moja tu, kwamba mungu hayupo. Ameondoka. Toni ya sehemu hii ni ya hofu, na hofu hiyo inapokatizwa na mapambazuko, msomaji hupumua. Watu wanaamka, wananawa, wanavaa, wanainua mikono kumsifu aliyerudi. Ufundi wa mtunzi ni mkubwa hapa, kwa sababu asubuhi yake isingekuwa na furaha kubwa hivyo kama usiku wake usingekuwa wa kutisha.

Katika Zaburi ya 104 simba yupo, tena usiku. Lakini soma kilichomzunguka. Kwanza umetajwa mwezi, umewekwa ili kupima majira. Kisha limetajwa jua, nalo sifa yake pekee katika aya hiyo ni kwamba linajua wakati wa kuzama. Kisha nafsineni anasema kwamba giza lenyewe linaletwa na Muumba. Halikuja kwa sababu Muumba ametoweka. Yeye ndiye aliyelileta. Ndani ya giza hilo wanasimba wananguruma, na ngurumo yao inafasiriwa kuwa ombi la chakula kwa Mungu. Jua likichomoza wanarudi mapangoni, na binadamu anatoka kwenda kazini hadi jioni. Hakuna mwizi hapa, wala nyoka, wala maiti. Simba na mkulima wanapokezana zamu katika shamba la mwenye shamba mmoja: huyu wa usiku, yule wa mchana.

Kwa hakika hii ndiyo tofauti kuu kati ya tungo hizi, na mtahiniwa akiiona hii peke yake akaieleza vizuri, amefanya ulinganishi bora kuliko aliyeorodhesha mifanano kumi. Simba ni yule yule. Tabia yake ni ile ile. Kilichobadilika ni anayemtazama na kile anachoamini kuhusu giza. Kwa mtunzi wa Misri, ngurumo ya simba ni ushahidi kwamba dunia imeachwa. Kwa mtunzi wa Zaburi, ngurumo hiyo hiyo ni sala.

Pengine msomaji atauliza: je, si Wamisri wote walivyouona usiku hivyo? La, na jibu hili linafaa kutiliwa mkazo. Katika dini ya jadi ya Misri, usiku haukuwa utupu. Jua lilipozama liliaminika kwamba limeingia kuzimu ndani ya mashua, likawaangazia wafu, likapambana na joka la giza, na kuungana na Osiris kabla ya kuzaliwa upya asubuhi. Usiku ulikuwa na shughuli tele. Akhenaten alipoiondoa miungu ile mingine, aliondoa pia kila kilichojaza usiku. Mungu wake alikuwa mwanga unaoonekana, na mwanga usipoonekana, basi hayupo. Kwa hiyo usiku wa Wimbo Mkuu ni mtupu kuliko usiku wa nyimbo za Misri zilizoutangulia. Tunapata hapa mfano mzuri wa jinsi maudhui yanavyoitawala fani: imani mpya iliidai taswira mpya ya giza, na mtunzi akaitoa.

Baada ya usiku, tutazame maji. Sijui taswira nyingine inayomfichua mtunzi alikozaliwa kuliko maji. Mtunzi wa Misri anaishi katika nchi ambayo mvua ni nadra na uhai wote unategemea mafuriko ya Nile. Kwa hivyo kwake maji ni mto, na mto unatoka chini, kuzimu, pale Muumba anapoufungulia. Anapowafikiria watu wa nchi za mbali wasio na Nile, anajiuliza wanaishije. Jibu lake linavutia sana: Muumba amewawekea Nile nyingine juu mbinguni, nayo huwashukia na kutiririka milimani kama bahari ili kunywesha mashamba yao. Huyu ni mtu anayeieleza mvua kwa kutumia mto! Tunacheka kidogo, lakini ni kicheko cha kumpenda. Hivyo ndivyo sitiari zinavyozaliwa: mtu huchukua alichokizoea akakitumia kushika asichokijua.

Isitoshe, katika sehemu hiyo hiyo kuna jambo ambalo walimu hawana budi kulisisitiza. Mtunzi huyu anataja Siria na Kush pamoja na Misri, na hata huanza na nchi za wageni kabla ya nchi yake. Anasema kwamba Muumba alimweka kila mtu mahali pake na kumpa riziki yake, na kwamba lugha za watu na rangi za ngozi zao zinatofautiana kwa sababu aliwatofautisha yeye mwenyewe. Katika dola iliyozoea kuwachora wageni wakiwa wamefungwa kamba chini ya nyayo za farao, haya si maneno madogo. Zaburi ya 104, kwa upande wake, haitaji taifa lolote, hata Israeli. Inataja Lebanoni, lakini kwa ajili ya mierezi yake tu.

Mtunzi wa Zaburi naye ni mtu wa milimani. Maji yake ni chemchemi zinazopita mabondeni, zinawanywesha punda-mwitu, na ndege wanalia matawini kando yake. Mvua kwake haihitaji maelezo. Milima inanyweshwa kutoka juu, basi. Lakini kabla ya chemchemi hizo tulivu pana maji mengine, na haya si tulivu hata kidogo. Ni vilindi vilivyoifunika nchi hadi juu ya milima, vikakemewa, vikatimua mbio, vikapewa mpaka ambao havina ruhusa kuuvuka. Katika Wimbo wa Aten hakuna kitu cha namna hii. Aten hakemei wala hapigani na yeyote. Anaangaza tu.

Basi picha hizi za vurugu zilitoka wapi? Hapa ndipo safu mbili za Breasted zinapotupotosha kidogo, kwani zinamfanya msomaji aangalie Misri peke yake. Kaskazini mwa nchi ya Waebrania, kwenye pwani ya Siria, kulikuwa na mji wa Ugarit. Magofu yake yaligunduliwa mwaka 1928, na mabamba ya udongo yaliyofukuliwa humo kuanzia 1929 yalihifadhi masimulizi ya Baali, mungu wa tufani anayeitwa mpanda mawingu, aliyepigana na Bahari na kuishinda. Humo anatajwa pia joka Lotan, ambaye jina lake ni ndugu wa Lewiathani wa Waebrania. Sasa isome tena Zaburi ya 104. Muumba anayafanya mawingu gari lake. Anayakemea maji kwa sauti ya radi. Na Lewiathani, joka la kutisha? Yumo baharini, mahali zinapopita merikebu, na ameumbwa acheze. Adui wa masimulizi ya majirani amegeuzwa kiumbe mchezaji. Kwa maoni yangu, hii ndiyo kejeli tamu kuliko zote katika utungo huu, ingawa ni rahisi kuipita bila kuiona.

Ni bayana kwamba mtunzi wa Zaburi alichota visima viwili: tufani ya kaskazini katika nusu ya kwanza, na mpangilio wa mchana na usiku unaokumbusha Misri katika nusu ya pili. Alichokifanya yeye ni kumweka mmiliki mmoja juu ya vyote. Jua si mungu, tufani si mungu, bahari si mungu. Hata mwanga, ambao kwa Akhenaten ndio mungu mwenyewe, kwake ni vazi tu ambalo Muumba amejitanda.

Je, alinakili? Hili ndilo swali ambalo wanafunzi hulitaka kwanza na ambalo mimi nimelichelewesha makusudi. Mji wa Akhenaten ulihamwa muda mfupi baada ya kufa kwake, miungu ya jadi ikarudishwa wakati wa Tutankhamun, na jina la farao huyo likafutwa katika majengo mengi. Ay mwenyewe baadaye akawa farao, akaandaliwa kaburi jingine mbali na Amarna. Wasomi wengi huiweka Zaburi ya 104 karne kadhaa baada ya hayo. Si rahisi kumwazia Mwebrania aliyesimama mbele ya ukuta ule akiwa na kalamu mkononi. Kwa upande mwingine, taswira za Wimbo Mkuu hazikuzaliwa wala kufa na Akhenaten. Wimbo wa Amun-Ra uliohifadhiwa katika mafunjo yaliyomo Cairo, ambao ni wa kale kuliko Akhenaten, tayari ulimsifu mungu anayekipa pumzi kilichomo ndani ya yai na kuwalisha hata wadudu. Aidha, barua za kidiplomasia zilizogunduliwa Amarna mnamo 1887 zinaonyesha kwamba watawala wa Kanaani, akiwemo wa Yerusalemu, waliandikiana na ikulu ya Misri. Mmoja wao, Abi-Milku wa Tiro, alimsifu farao kama jua linaloamkia nchi zote na kama mtoaji wa pumzi tamu. Njia za kupitishia taswira zilikuwepo.

Miriam Lichtheim, aliyezitafsiri kazi nyingi za fasihi ya Misri, aliona katika juzuu yake ya 1976 kwamba mfanano huu unaelekea kutokana na ukaribu wa utanzu, yaani nyimbo za kidini za Misri na zaburi za Waebrania kwa jumla, wala si utungo mmoja kuukopa mwingine moja kwa moja. Mimi naafikiana naye kwa kiasi kikubwa, ingawa mfululizo ule wa usiku, simba, mapambazuko na mfanyakazi unanifanya nisiufunge mlango kabisa. Mtahiniwa akiandika kwamba pana mwingilianomatini, yu salama. Akiandika kwamba huyu alimwibia yule, hana ushahidi, na mtahini makini atamkata alama.

Tusisahau kwamba sisi tunazisoma tungo hizi kupitia tafsiri, na tafsiri ina mipaka yake. Nimewahi kuona kazi ya mwanafunzi aliyehesabu mishororo ya Zaburi na kuhitimisha kwamba mtunzi ameshindwa kutoa urari wa vina. Hii ni sawa na kumlaumu mvuvi kwa kutopanda mahindi. Ushairi wa Kiebrania haukujengwa juu ya vina. Nguzo yake ni usambamba, yaani kipande kimoja hutoa wazo na kipande cha pili hulirudia, hulikuza au hulipinga, kama alivyofafanua Robert Lowth katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1753. Utungo wa Misri nao unatumia usambamba, na ukutani haukukatwa katika mishororo. Mishororo tunayoiona vitabuni ni kazi ya wafasiri. Tena maandishi ya Kimisri hayakuandika irabu, kwa hiyo mtu anayedai kuhesabu mizani yake anahesabu hewa. Wanaokumbuka mgogoro wetu wa wanamapokeo na wanamabadiliko watajua kwa nini nalisema hili kwa mkazo.

Kuna lakini jambo moja ambalo msomaji wa Kiswahili analipata na msomaji wa Kiingereza halipati. Katika Kiebrania neno ruakh lina maana ya upepo, pumzi na roho, zote kwa pamoja. Zaburi inalitumia mapema kwa pepo ambazo Muumba anazipanda na kuzituma, kisha inalirudisha karibu na mwisho kwa pumzi ambayo viumbe wakiondolewa hufa, na kwa roho ambayo ikitumwa viumbe huumbwa na uso wa nchi hufanywa upya. Takriri hii inaunganisha utungo mzima: kilichovuma mawinguni mwanzoni ndicho kinachopumua vifuani mwishoni. Tafsiri yoyote hulazimika kuchagua, upepo hapa, pumzi pale, roho kule, na mshono hufichika. Lakini roho yetu, iliyotufikia kupitia Kiarabu, ni ya ukoo mmoja na ruakh. Hali kadhalika nafsi, ambayo mtunzi wa Zaburi anaisemesha mwanzoni na mwishoni akiihimiza isifu, ni ya ukoo mmoja na nefesh ya Kiebrania. Mwalimu anaweza kuandika maneno hayo ubaoni na kuwaacha wanafunzi wayaone wenyewe.

Neno hilo linatuleta kwa nafsineni, na hapa pia tungo zinaachana. Katika kaburi la Ay, wimbo umewekwa kinywani mwa Ay. Wengi husema mtunzi ni Akhenaten mwenyewe. Inawezekana, lakini haijathibitishwa, na watahiniwa wakumbuke ile kanuni tunayoirudia kila siku kwamba nafsineni si lazima awe mtunzi. Afisa huyu anamsifu Muumba kwa ufasaha wa ajabu, aya baada ya aya, kisha karibu na mwisho anasema kwamba hakuna mwingine anayemjua Muumba huyo isipokuwa mfalme, mwana wake. Sentensi hiyo inabadilisha kila kitu kilichoitangulia. Jua linamwangazia kila mtu, Mkushi na Msiria, ng'ombe na samaki, lakini ujuzi wa kulijua umefungiwa katika nyumba moja. Sifa ya Muumba imekuwa pia sifa ya utawala. Katika Zaburi hakuna mfalme. Anayesema hana jina wala cheo. Anaiambia nafsi yake mwenyewe imsifu Mungu, na anaahidi kuimba maadamu yu hai. Yeyote anayeweza kusema "nafsi yangu" anaweza kuusema utungo huo.

Nisije nikaonekana nimeshaipa Zaburi ushindi. Kwa usanii wa taswira moja moja, Wimbo wa Aten unaishinda. Hakuna mahali katika Zaburi ya 104 panapofikia picha ya kifaranga ndani ya yai. Mtunzi wa Misri anakisikia kikilia kingali ndani ya ganda, anaona kikipewa pumzi humo humo gizani, anangoja kitimize siku zake, kisha kinalivunja ganda na kutoka kikitembea kwa miguu yake. Kabla ya hapo amemwona mtoto tumboni mwa mama, akibembelezwa asilie kabla hata hajazaliwa. Mtazamo wa karibu namna hiyo, wa kuinama hadi kwenye yai, ni nadra katika ushairi wa kidini popote. Mtunzi wa Zaburi hutazama kutoka mlimani: anamwona korongo mtini, mbuzi-mwitu majabalini, pimbi akijificha miambani. Anawaona wengi, na anawaona vizuri, ila anawaona kutoka mbali. Wala mwanafunzi makini hatakosa kuligundua jambo jingine: yai lile ni giza pia. Mtunzi aliyeujaza usiku hofu amekiri, labda bila kukusudia, kwamba Muumba wake anaweza kufanya kazi pasipo na mwanga.

Mwisho wa kila utungo nao unafaa kusomwa bila kuchagua. Wasomaji wengi wa Zaburi hupenda kuishia kwenye furaha ya nafsineni na kuiacha aya ya mwisho, kwa kuwa humo ghafla anaomba waovu watoweke duniani. Baada ya chemchemi, mierezi na Lewiathani anayecheza, ombi hili linakwaruza sikio. Lakini liondoe, na Zaburi itakuwa imesema kwamba ulimwengu hauna kasoro. Mtunzi ameshamsafisha simba, ameshaisafisha bahari, ameshausafisha usiku. Ubaya pekee uliobaki anauona kwa binadamu. Wimbo wa Aten hauna mtenda dhambi. Una mwizi, lakini hata yeye ni sehemu ya giza, na kukipambazuka hatajwi tena. Utungo unafungwa kwa majina ya farao na malkia Nefertiti, ukiwatakia uhai wa milele, katika kaburi ambalo mwenyewe hakulala humo.